MARADHI ADIMU NAYO YANA HAKI YA KUPIMWA

Yapo maradhi ambayo kila mwananchi anayajua kwa jina: malaria, kifua kikuu, kipindupindu, kisukari. Maradhi hayo yana mabango yake barabarani, yana siku zake katika kalenda, na yana mafungu yake katika bajeti. Lakini yapo mengine ambayo hayana bango wala siku, na aghalabu hayana hata jina katika kinywa cha yule anayeyaugua. Leo tunapenda kuyazungumzia maradhi ya namna hiyo: uvimbe adimu unaoipata tezi ya pituitari, na hasa ile kazi ngumu ya kuutambua.

Tezi ya pituitari ni kitu kidogo mno. Ukubwa wake ni kama punje ya kunde, nayo imening'inia chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, katika kishimo cha mfupa. Lakini udogo huo usimdanganye mtu. Tezi hiyo ndiyo mnyapara wa tezi nyingine nyingi za mwili. Ndiyo inayoziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, ile homoni inayomwezesha mtu kustahimili homa, njaa na mshtuko. Ndiyo inayoiamuru tezi ya shingo ifanye kazi, inayoongoza hedhi na uzazi, inayoleta maziwa kwa mama aliyejifungua, na kupitia sehemu yake ya nyuma, inayouzuia mwili usipoteze maji ovyo. Mnyapara huyo akiugua, shamba zima husimama.

Katika tezi hiyo huweza kutokea uvimbe wa aina mbili. Wa kwanza ni uvimbe wa kuota, ambao chembe za tezi zenyewe huongezeka pasipo mpango. Huu ndio unaojulikana zaidi. Wa pili ni uvimbe wa mwako, ambao tezi huvimba kama kidole kilichochomwa na mwiba kinavyovimba. Huenda kinga ya mwili imegeuka na kuishambulia tezi, au vijidudu vya kifua kikuu vimeingia, au ni maradhi mengine ya mwili mzima yaliyofika hapo. Madaktari huyaita maradhi haya haipofisaitisi. Katika nchi zilizoyahesabu, makadirio ni mgonjwa mmoja mpya kwa mwaka katika kila watu milioni 9 hivi. Kwa sababu ya uadimu huo, na kwa sababu katika picha aina hizi mbili hufanana kama mapacha, ni rahisi mno kukosea.

Historia yenyewe inatufundisha. Mwaka 1917, Morris Simmonds, daktari aliyekuwa akichunguza maiti katika mji wa Hamburg, Ujerumani, alieleza habari za watu ambao tezi zao za pituitari zilikuwa na vinundu vya mwako, ambavyo havikutokana na kifua kikuu wala kaswende. Mwaka 1962, Goudie na Pinkerton wa Glasgow, Uingereza, waliandika habari za mwanamke wa miaka 22 aliyefariki miezi 14 baada ya kujifungua mtoto wake wa pili. Alikuwa amepasuliwa kidole-tumbo, upasuaji ambao hospitali nyingi huuona wa kawaida, kisha akazimia na kufa. Maiti ilipochunguzwa ndipo ilipobainika kwamba tezi yake ya pituitari ilikuwa imeshambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, na tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zimesinyaa. Mwili ulihitaji kotisoli ya kuhimili kisu, na kotisoli haikuwapo.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame kidogo. Mwanamke yule aliishi katika mji wenye chuo kikuu na hospitali kubwa, na bado maradhi yake yalijulikana baada ya kufa. Je, mama wa Muze itakuwaje?

Muze ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo mrefu wa milima unaoitwa Lyamba lya Mfipa. Anayetoka Sumbawanga mjini, juu katika nyanda baridi za Ufipa, huuteremka ukingo huo mpaka joto la bondeni, penye mashamba ya mpunga na wavuvi wa ziwa. Mgonjwa wa Muze hufanya safari hiyo kinyumenyume: huanza kwa kupanda. Akifika Sumbawanga na kuambiwa kwamba anahitaji uchunguzi wa juu zaidi, mbele yake pana safari ya Mbeya, zaidi ya kilomita 300, na ikibidi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba haya ni mambo ya bara tu. Mkaazi wa Kojani, wa Fundo, wa Makoongwe au wa Tumbatu anaielewa habari ya Muze vizuri kuliko mkaazi wa mjini. Mmoja anasubiri gari la kupanda mlima, mwingine anasubiri maji yajae na upepo utulie. Mmoja hupelekwa Sumbawanga, mwingine Mkoani au Mnazi Mmoja. Tofauti ni kwamba kizuizi cha mmoja ni mawe na cha mwingine ni bahari.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 20 na kitu amejifungua salama. Wiki chache baadaye anaanza kuumwa kichwa kisichosikia dawa. Maziwa hayatoki. Anachoka hata hawezi kuinua ndoo. Akisimama anaona kizunguzungu, akikosa chakula asubuhi anatokwa jasho na kuanguka. Kila dalili, ikitazamwa peke yake, ina maelezo mepesi. Kichwa ni malaria. Uchovu ni upungufu wa damu. Kukosa maziwa ni lishe. Kuanguka ni kifafa. Na pale ambapo dawa za malaria, za damu na za kifafa zimeshindwa, hayakosekani maneno ya jirani kwamba amerogwa.

Jambo hili la mwisho tunalitaja kwa heshima. Wenyeji husema kwamba jina lenyewe la Sumbawanga maana yake ni kuutupa uchawi, na wageni wamelifanyia mzaha mwingi usiostahili. Sisi tunaona kwamba jina hilo lina busara ndani yake. Uchawi hutupwa kwa kupatikana maelezo yaliyo bora kuliko uchawi. Mganga wa kienyeji hupata wateja pale ambapo zahanati imesema, "Hatuoni kitu." Kumlaumu mwananchi kwa kwenda kwa mganga, wakati sisi hatukumpa jibu, si haki.

Basi mama huyo anaumwa nini? Hapa mtaalamu hana budi kuuliza maswali kwa mpangilio. Swali la kwanza: je, alitokwa damu nyingi wakati wa kujifungua? Ikiwa ndivyo, huenda tezi yake ilikosa damu ikafa, hali iliyoelezwa na daktari Harold Sheehan mwaka 1937, ambayo hadi leo hupatikana zaidi katika nchi ambazo kina mama wengi hutokwa damu bila msaada wa haraka. Ikiwa hakutokwa damu nyingi, na maumivu ya kichwa yalianza katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi 2 ya kwanza baada ya kujifungua, basi uvimbe wa mwako unaotokana na kinga ya mwili ni lazima ufikiriwe, maana huo ndio wakati wake hasa.

Swali la pili: je, anakunywa maji bila kutosheka na kukojoa usiku kucha, ilhali mkojo wake hauna sukari? Hali hiyo, inayotokana na kukosekana kwa homoni ya kuzuia maji, ni nadra sana katika uvimbe wa kuota kabla ya upasuaji, lakini huonekana mara nyingi katika uvimbe wa mwako. Swali hili halihitaji mashine. Linahitaji mtu wa kuliuliza, na kikaratasi cha kupima sukari katika mkojo.

Swali la tatu: je, anaona pembeni? Tezi ikivimba huibana njia panda ya mishipa ya macho iliyo juu yake, na mgonjwa hupoteza uwezo wa kuona kando huku mbele akiona vizuri. Mganga akiketi mbele ya mgonjwa, akanyoosha mikono na kuchezesha vidole pembeni, jicho moja baada ya jingine, atapata jibu la mwanzo katika dakika 5.

Swali la nne: maradhi yamekuja kwa kasi gani, na ni homoni ipi iliyotangulia kupotea? Uvimbe wa kuota hukua polepole, na aghalabu huharibu kwanza homoni za uzazi na za ukuaji. Uvimbe wa mwako huja kwa ghafula zaidi, na mara nyingi huanza na ile amri ya kotisoli, ambayo ndiyo ya kuokoa maisha. Kwa hiyo mgonjwa mwenye uvimbe mdogo katika picha anaweza kuwa mahututi kuliko mwenye uvimbe mkubwa.

Baada ya maswali huja maabara. Sukari ya damu iliyoshuka, chumvi ya sodiamu iliyopungua, shinikizo la damu linaloanguka mgonjwa anaposimama: haya ni mawingu, na dalili ya mvua ni mawingu. Kipimo cha kotisoli huchukuliwa asubuhi, maana saa hizo ndipo inapotakiwa kuwa juu. Na hapa pana mtego ambao tungependa kila hospitali ya mkoa iujue. Wengi hupima tezi ya shingo kwa kipimo kimoja tu, TSH. Lakini TSH hutoka katika pituitari yenyewe. Pituitari ikiwa mgonjwa, kipimo hicho huweza kusomeka sawa ilhali homoni ya tezi ya shingo imekwisha. Ni kama kumwuliza mwizi kama ghala ni salama. Ni lazima ipimwe na ile homoni yenyewe, thairoksini.

Mtego wa pili ni wa hatari zaidi. Mgonjwa aliyepungukiwa na homoni zote mbili akipewa dawa ya tezi ya shingo kabla ya kotisoli, mwili wake huchochewa kufanya kazi ambayo hauna nguvu ya kuifanya, naye anaweza kufa. Kotisoli hutangulia, thairoksini hufuata. Kadhalika, mgonjwa akianza kupewa kotisoli anaweza kuanza kukojoa maji mengi ambayo hapo awali hayakuonekana, na wauguzi wasishangae wala wasidhani kwamba dawa imemdhuru.

Kisha huja picha. Mashine ya MRI huonyesha tezi iliyovimba sawasawa pande zote mbili, kikonyo kilichonenepa, na ile nuru ya sehemu ya nyuma iliyotoweka. Uvimbe wa kuota huelekea upande mmoja na kukisukuma kikonyo. Hata hivyo picha si kadhi. Tezi ya mama mjamzito hunenepa kwa kawaida bila ugonjwa wowote. Mwaka 2009 wataalamu waliounda njia ya kutenganisha aina hizi mbili kwa kuhesabu dalili waliandika kwamba takriban wagonjwa 4 kati ya 10 wenye uvimbe wa mwako walikuwa bado wakidhaniwa wana uvimbe wa kuota na kupasuliwa pasipo sababu. Ikiwa hayo hutokea penye mashine bora, ni dhahiri kwamba mashine peke yake haitoshi.

Kwa nchi yetu lipo jambo jingine lisilotiliwa mkazo na vitabu vya Ulaya. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 2021 hadi 2025, Tanzania imetajwa miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Kifua kikuu huweza kuikalia tezi ya pituitari, hata mapafu yakiwa safi. Tiba ya uvimbe unaotokana na kinga ya mwili ni dawa za jamii ya prednisoloni kwa kipimo kikubwa, ambazo huituliza kinga. Lakini ukiituliza kinga ya mwenye kifua kikuu kisichotibiwa, umemfungulia adui mlango. Kwa hiyo kabla ya kipimo hicho kikubwa ni lazima mgonjwa apigwe picha ya kifua, apimwe makohozi kama yapo, apimwe VVU, na aulizwe kama nyumbani kwake kuna mwenye kikohozi cha muda mrefu. Ikiwa ni kifua kikuu, atatibiwa kwa dawa zake kwa muda mrefu kuliko ile miezi 6 ya kifua kikuu cha mapafu, na upasuaji unaweza usihitajike kabisa. Kipande cha nyama ya tezi, kinachochukuliwa kwa upasuaji wa kupitia puani, ndicho shahidi wa mwisho. Kiitwe pale mashahidi wengine wanapogongana, au pale macho yanapokuwa hatarini.

Tunajua watakaotuuliza: je, ni busara kuzungumzia maradhi ya mtu mmoja katika milioni 9, wakati Bonde la Rukwa limewahi kuandamwa na kipindupindu, na kina mama wangali wanahitaji damu na vitanda? Swali hilo ni la haki, na tunalijibu kwa haki.

Kwanza, hatuombi mashine ya MRI iwekwe Muze. Tunachoomba ni vitu ambavyo vingi vyao vipo tayari au ni vya bei ndogo: mashine ya shinikizo la damu, kipimo cha sukari, maswali manne, na chupa chache za sindano ya hidrokotisoni. Mtu mzima anayezimia kwa kukosa kotisoli huhitaji miligramu 100 za dawa hiyo, pamoja na maji ya chumvi na sukari, hapo hapo, kabla ya gari kuondoka. Dawa ikisubiri Sumbawanga, mlima utamwua.

Pili, njia hiyo hiyo haimsaidii mgonjwa mmoja katika milioni 9 peke yake. Humsaidia pia mama aliyepoteza damu akapata maradhi ya Sheehan, humsaidia ambaye tezi zake za juu ya figo zimeharibiwa na kifua kikuu, na humsaidia mwenye uvimbe wa kuota anayepofuka polepole. Mtandao uliofumwa vizuri kwa ajili ya samaki mdogo haumwachi mkubwa.

Tatu, Taifa limekwisha kuonyesha kwamba likitaka linaweza. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya kina mama vinavyotokana na uzazi kuwa 104 katika kila vizazi hai 100,000, vikiwa vimeshuka kutoka 556 vya uchunguzi wa 2015 na 2016. Mwaka 2022 ulizinduliwa kitaifa mpango wa usafiri wa dharura wa M-Mama, ambao mama huupata kwa kupiga namba 115 bila malipo. Fedha za mkopo wa trilioni 1.3 wa mwaka 2021 zilinunua pia mashine za CT kwa hospitali za rufaa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hizi ni nguzo. Tunachosema ni kwamba mama anayeokolewa kitandani siku ya kujifungua asiachwe afe mwezi wa pili kwa sababu hakuna aliyemwuliza kwa nini maziwa hayatoki.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wanaohusika, wa Bara na wa Visiwani, wayatazame mambo manne. Kliniki ya baada ya kujifungua isiwe ya kumpima mtoto peke yake. Mama naye aulizwe juu ya kichwa, maziwa, hedhi, kiu na macho. Bohari za dawa zihakikishe kwamba hidrokotisoni ya sindano haikosekani katika vituo vya afya, na kwamba wagonjwa wanaoihitaji maisha yao yote wanapata vidonge bila kukatizwa. Picha zinazopigwa mikoani zisomwe kwa njia ya mtandao na mabingwa wa Muhimbili na wa hospitali za kanda, ili isafiri picha kabla ya kusafiri mgonjwa. Na barua ya rufaa iandikwe kwa ukamilifu. Barua isemayo "kichwa kinauma, achunguzwe" humrudisha mgonjwa mwanzo wa safari.

Nao wananchi wana wajibu wao. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mamilioni ya watu walikaa katika vikundi kando ya redio wakajifunza kuyatambua maradhi ya vijijini mwao. Moyo ule haujazeeka. Mume anayemwona mkewe amekonda nguvu baada ya uzazi asingoje aanguke. Na mgonjwa aliyekwisha kuanzishiwa dawa za kotisoli asiziache ghafula kwa kuwa amepata nafuu, wala asisafiri baharini au milimani bila akiba yake na karatasi inayoeleza anaumwa nini.

Wazee wa Ufipa walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo. Fundi hakuweza kuingia ndani ya tanuru kutazama. Alijifunza kuutambua moto kwa dalili zake. Tabibu wa zahanati ya bondeni yumo katika hali hiyo hiyo mbele ya tezi asiyoweza kuiona. Karema, iliyokuwa sehemu ya Ufipa ya zamani, palifanya kazi kwa zaidi ya nusu karne Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea utabibu Malta, akatibu watu kando ya Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuwa na MRI wala maabara ya homoni. Alikuwa na macho, masikio na subira, na leo hospitali mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake.

Uadimu wa maradhi ni hesabu ya vitabuni. Kwa anayeyaugua si adimu hata kidogo. Amejaa nayo siku nzima na usiku kucha. Serikali inayowahesabu watu wake wote haina budi kumhesabu naye, awe amekaa Muze au Kojani.